Pikipiki Ndani ya Maboksi: Hesabu Kwanza, Spana Baadaye

Pikipiki iliyofunguliwa yote ikatiwa maboksini ina bei mbili. Bei ya kwanza ni ya mtu wa vyuma vikuukuu, ambaye haangalii jina wala mwaka. Yeye hutia kwenye mizani akahesabu kilo. Bei ya pili ni ya mtu ajuaye kilichomo. Wengi hudhani tofauti ya bei hizo huletwa na ufundi mkubwa wa injini, kumbe sehemu kubwa huletwa na karatasi, kalamu na siku kadhaa za kukaa sakafuni ukitenganisha kitu na kitu. Nayaandika haya kwa sababu nyumba nyingi hapa mjini zina maboksi ya aina hii chini ya ngazi au juu ya kabati. Wenyewe wanaona uchungu kuyatupa, na hawajui pa kuanzia.

Yaliyonifikia mimi ni Honda C70 ya marehemu ami yangu, nyumbani kwake Majengo. Aliifungua kwa mikono yake akitaka kuifanya upya, maradhi yakamuwahi. Palibaki maboksi manne, debe moja limejaa nati na bolti, magurudumu mawili, na fremu iliyoegemezwa ukuta wa uani chini ya turubai. Chumba cha maboksi kilitakiwa na mpangaji, na kodi ya chumba hicho ndiyo riziki ya mkewe. Akaniita, akanipa chai, akaniambia bila kuzunguka: "Mtu wa vyuma yuwaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama hii ni pikipiki, nambia ni pikipiki. Kama ni vyuma, avichukue, mimi nipate chumba changu."

Nilikuwa na wiki tatu. Ufundi wangu wote hadi siku hiyo ulikuwa kubadilisha plagi na kukaza mnyororo.

Niwaeleze kidogo chombo chenyewe, maana vijana waliozaliwa wakakuta Boxer na TVS huenda wakaiona C70 kama baiskeli iliyonenepa. Honda ilitoa Super Cub ya kwanza, C100, mwaka 1958, ikiwa na injini ya sisi 49. Soichiro Honda na mwenzake wa biashara Takeo Fujisawa walitaka chombo ambacho mtu asiye dereva ataweza kukiendesha. Ndiyo sababu hakina klachi ya mkono. Klachi yake hujishika yenyewe injini ikizunguka kasi, na gia hubadilishwa kwa mguu tu. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100 za ukoo huo, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofika idadi hiyo. C70 ni ndugu mmoja katika ukoo: silinda moja iliyolala kama mtu aliyejinyoosha, pistoni ya milimita 47, mwendo wa milimita 41.4, gia tatu. Viwanda vya China vimeiga sana umbo la injini hii, na kwa anayeanza hilo ni jambo kubwa, kwani ringi, gasketi na vali bado zapatikana dukani.

Kabla ya kununua hata gasketi moja, nilitafuta nambari. Pikipiki ina nambari ya fremu na nambari ya injini, zote mbili zimegongwa kwenye chuma, na zote mbili zimeandikwa kwenye logibuku. Injini za C70 nambari yake huanza na C70E. Piga picha, kisha soma pamoja na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Logibuku ya ami tuliipata kwenye mkebe wa biskuti pamoja na risiti za maji, na nambari zikakubaliana. Zingekataana, au ningekuta nambari imesuguliwa kwa tupa, ningemwambia yule mama ampokee mtu wa vyuma kwa mikono miwili, maana hakuna rangi wala kromu itakayoifanya hiyo iwe mali halali barabarani.

Tena liko jambo ambalo watu huliruka. Mwenye jina kwenye logibuku amefariki, basi pikipiki ni mirathi. Si ya mpwa mwenye spana. Si ya mjane peke yake pia, japo yeye ndiye aliyeihifadhi. Mamlaka ya usafiri, NTSA, haitabadilisha jina kwa maneno ya mdomo. Inataka hati ya mahakama inayoonyesha nani amepewa, na kwa Waislamu wa hapa kesi hizo za mirathi huenda Mahakama ya Kadhi. Nikawaandikia binamu zangu wote ujumbe mmoja: nitatoa pesa zangu kiasi fulani, nikipita hapo nitauliza, na chombo kinabaki cha warithi mpaka waamue wenyewe. Walijibu wote, mmoja kwa kusitasita. Ule ujumbe nimeuweka. Pikipiki iliyokuwa takataka haigombewi na mtu, ila siku itakaponguruma utashangaa ni wangapi wanaoipenda.

Haya, sasa hesabu. Nilitandika shuka jeupe sakafuni nikamwaga debe lote juu yake. Shuka jeupe lina maana yake: kipini cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kinachoshika flaiwili kwenye krenki ni kidogo kuliko ukucha, na kwenye saruji hutakiona. Nilipitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya vumbi lililobaki chini ya debe, kikaja kimening'inia. Debe hilohilo lilikuwa na gurudumu la cherehani, bomba la stovu, na funguo mbili za makufuli ambayo hakuna aijuaye milango yake.

Kisha gawa kwa makundi: injini, umeme, magurudumu na breki, usukani na miguu ya mbele, mwili. Trei za mayai zafaa sana kwa vitu vidogo. Kila shimo andika kilichomo. Ukipata kitabu cha spea cha modeli yako, kile chenye michoro inayoonyesha kila kipande kimetengwa na mwenzake, basi umepata nusu ya mwalimu. Honda ina utaratibu ambao ukishaujua hutausahau: nambari ya spea ina mafungu matatu, na lile la kwanza la tarakimu 5 hutaja kazi ya kipande. 13101 ni pistoni, iwe ya C70 au ya pikipiki kubwa. 12251 ni gasketi ya kichwa cha silinda. 16100 ni kabureta. Fungu la kati ndilo linalotaja modeli. Kwa hiyo ukikuta paketi iliyofubaa yenye fungu la kwanza tu linalosomeka, umeshajua ni nini, na unabaki kuuliza ni ya nani.

Beringi nazo zina lugha yao. Futa grisi pembeni utaona nambari. Moja ya zangu iliandikwa 6301, maana yake tundu la milimita 12, upana wa nje milimita 37, unene milimita 12. Beringi hiyo ni hiyohiyo kwenye pikipiki, pampu ya maji au mota ya kinu. Usiende dukani kuomba beringi ya Honda kuukuu, utaambiwa hakuna. Omba 6301.

Hesabu ilipokwisha, daftari langu lilikuwa na orodha mbili, vilivyopo na visivyopo. Lakini swali la yule mama lilikuwa moja tu, na jibu lake lilikaa kwenye vipimo vitatu ambavyo mzee mmoja fundi wa jua kali alinielekeza. Alisema, "Kijana, kila kitu chanunuliwa ila mifupa. Tazama mifupa."

Mfupa wa kwanza ni nambari na karatasi, nimeshaieleza. Wa pili ni fremu. Fremu ya Cub ni bati lililofinyangwa na kuunganishwa, ndani yake wazi, na kwa sisi wa pwani hapo ndipo penye adui. Hewa ya chumvi huingia, maji ya mvua hukaa, kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ingali inang'aa. Chukua bisibisi ubonyeze kwa nguvu chini ya pahali pa betri, chini ya tanki, na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikiliwa. Bati zima hulia likakataa. Bati lililooza hunyamaza na bisibisi ikazama. Yangu ilizama pahali pamoja, upana wa sarafu, karibu na betri, mbali na bolti za injini. Hapo fundi wa kuchomelea anaweza kukata na kutia kiraka.

Mfupa wa tatu ni mwili wa injini na krenki yake. Mwili wa alumini uangalie kama una ufa, hasa kuzunguka bolti za chini. Krenki ishike mkononi, kisha kamata konrodi uivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza kidogo kwenda upande huu na upande huu, ndivyo ilivyotengenezwa. Ikicheza juu na chini, hata kwa unywele, beringi yake imekwisha, na hiyo ni kazi ya mashine na pesa. Yangu ilitulia.

Nikaenda kumwambia: ni pikipiki. Akauliza, "Itatembea?" Nikamjibu kwamba mifupa ni mizima, na vinavyokosekana vimeandikwa, navyo ni ringi, gasketi zote, kebo, bakuli la kabureta, tairi na mpira wake, na saa ya mwendo. Akataka kuiona orodha. Akaisoma yote na miwani yake, akanionyesha kwamba bakuli la kabureta liko jikoni, ami alikuwa akitilia misumari. Chumba alipata wiki ileile, maboksi yakahamia barazani kwangu.

Kusafisha ni kazi ya mafuta ya taa na brashi, uani, mbali na jiko. Usitumie petroli. Majeti ya kabureta ni ya shaba nyeupe yenye matundu membamba mno. Yaloweke, yapulize, na kama tundu limeziba pitisha uzi mmoja wa waya wa umeme, usipitishe sindano, kwa kuwa chuma hupanua tundu na kipimo cha mafuta kikaharibika. Tanki lenye kutu nililijaza siki na vipande vya mnyororo, nikalitikisa kila nilipopita kwa siku mbili, kisha nikaliosha kwa maji ya magadi ili kuiua asidi, nikalikausha juani saa hiyohiyo. Likikaa na unyevu hata usiku mmoja, katika hewa yetu hii, kutu hurudi.

Onyo moja la uzito. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Yale mazoea ya kufungua gurudumu na kupuliza kwa mdomo au kwa pampu yaacheni. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, tia tambara mfukoni ulifunge, na vaa barakoa.

Skrubu za Kijapani zilinipa somo la siku nzima. Kichwa chake chafanana na nyota ya kawaida lakini pembe zake si zilezile, kwa hiyo bisibisi ya dukani hupanda na kukwangua. Tafuta ile ya kipimo cha Kijapani, au ile ya kugongwa kwa nyundo inayozunguka yenyewe. Na penye skrubu ya chuma ndani ya alumini, chumvi ya pwani hufanya unga mweupe unaozigandisha kama saruji. Pasha moto alumini, tia mafuta, ngoja, jaribu tena kesho. Ukizirudisha, paka grisi kidogo kila uzi.

Kwa kuwa injini nilikuta imeshafunguliwa, sikujua skrubu ipi ya tundu lipi. Kwa kifuniko cha klachi pekee zina urefu mbalimbali. Njia ni hii: weka kifuniko, tumbukiza skrubu zote bila kuzungusha, halafu tazama vichwa. Vyote vinatakiwa kusimama juu kwa kiasi sawa. Kilichochomoza zaidi kiko tundu la mwenziwe. Skrubu ndefu ikikazwa kwenye tundu fupi itapasua alumini, na huo mwili wa injini ndio wenye nambari.

Kabla ya kufunga upande huo, osha vichujio viwili. Kimoja ni wavu mdogo ulio chini upande wa kulia, cha pili ni kikombe kilicho mbele ya klachi, ambacho kwa kuzunguka hutupa uchafu wa mafuta ukutani mwake. Cha kwangu kilikuwa na tope gumu kama halua.

Ringi mpya zijaribu kwanza ndani ya silinda: sukuma ringi moja kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha pima mwanya uliobaki kati ya ncha zake kwa vibati vya kupimia, ulinganishe na kitabu. Alama kwenye ringi hutazama juu. Nyanya zote tatu zisielekee upande mmoja, la sivyo mbano utapita humo.

Sasa tufike pahali ambapo anayeanza hutetemeka, yaani kupatanisha krenki na kemu. Kwenye flaiwili kuna herufi T na herufi F. Zungusha mpaka T ilingane na alama ya mwili wa injini. Hapo pistoni iko mwisho wa safari yake ya juu. Gia ya kemu ina alama ya duara, O, ambayo nayo hutakiwa kulingana na mkato kwenye kichwa cha silinda. Ndipo uvishe mnyororo na kukaza bolti. Kisha usiguse kiki. Zungusha flaiwili kwa mkono, kinyume cha saa ukiitazama kutoka kushoto, mizunguko miwili mizima, uzitazame alama tena. Ikigoma njiani, simama. Pengine ni vali inayogonga pistoni, na mguu juu ya kiki ungeipinda. Mimi nilizungusha mara sita, tatu kati ya hizo za kujipa moyo tu.

Mwanya wa vali ni milimita 0.05, injini ikiwa baridi, T imelingana na vali zote mbili zimefungwa. Hiyo ni kama nusu ya unene wa karatasi ya kuchapia. Pointi nazo hutakiwa zifunguke kati ya milimita 0.3 na 0.4, na zianze kufunguka pale F inapolingana. Katika C70 ya namna hii, isiyo na stata ya umeme, cheche hutoka kwenye flaiwili, kwa hiyo injini yaweza kuwaka hata bila betri. Taa zake ni za volti 6. Ukitia balbu ya volti 12 itakuwa kama mshumaa, na utailaumu waya bure.

Mafuta ya injini ni kama lita 0.8, yaleyale yanaogesha klachi, kwa hiyo nunua ya pikipiki. Baadhi ya mafuta ya magari yana dawa za kupunguza msuguano, na klachi ikilainishwa hivyo huteleza. Toa plagi, piga kiki mara nyingi bila cheche, fungua kifuniko cha vali uone mafuta yamefika juu. Ndipo urudishe plagi.

Breki nilizimaliza kabla ya injini, na nashikilia kwamba huo ndio mpango. Chombo kisichowaka hakimuui mtu. Tairi nilinunua mpya za inchi 17, nikisoma tarakimu nne ubavuni. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya ami ilikuwa na meno mazuri kabisa na nyufa mpaka kwenye nyuzi.

Iliwaka kiki ya kumi na moja. Moshi ulitanda barazani, nao ni mafuta niliyopaka silinda nilipokuwa nikifunga, ukakatika baada ya dakika chache. Niliizima, nikaiacha ipoe mpaka kesho yake, nikapima vali tena na kutazama kama kuna nati iliyolegea.

Rangi sijaigusa. Watu huanza na rangi kwa kuwa ndiyo inayopendeza kwenye picha, halafu huikwangua wakifunga injini. Saa ya mwendo bado naitafuta, na kiraka cha fremu kinangoja praima kabla ya mvua. Barabarani haijatoka hata mara moja, kwa sababu haina bima na jina bado ni la marehemu. Warithi wamekwenda Mahakama ya Kadhi na wamekubaliana iandikwe kwa binti yake mkubwa, ambaye sasa huja barazani kwangu jioni, akaketi juu yake injini ikiwa imezimwa, akikanyaga gia kwa vidole na kuirudisha kwa kisigino.